Gari Lililofunga Breki Peke Yake

Sehemu ya Tisa

Gurudumu moja hewani, matatu barabarani, na baba mkwe mtarajiwa ananing'inia kwenye mkanda wa kiti akitazama korongo. Hapo ndipo nilipokata wiki iliyopita, na najua baadhi yenu mlinitukana. Sawa. Tuendelee kabla gari halijadondoka.

Aliyekuwa akining'inia ni Ato Zeleke, yaani Bwana Zeleke, mwenye gereji ya mtaa wa Shiro Meda, baba yake Mahider. Aliyeshika usukani ni Dagim, kijana wa teksi anayemtaka huyo Mahider, na ambaye alijitolea kumpeleka mzee kanisani juu ya mlima Entoto ili amlainishe moyo. Kupanda walipanda vizuri. Wakati wa kushuka, kwenye kona yenye mikaratusi, gari lilijifunga breki lenyewe, likayumba, likaenda kuchungulia shimo kwa pua.

"Usipumue," alisema Zeleke.

"Gashe, nisipopumua nitakufa," alijibu Dagim, kwa neno la heshima ambalo kijana humwita mzee.

"Basi pumua polepole!"

Walitoka kwa mlango wa dereva, mmoja baada ya mwingine, wakitambaa. Mguu wa Zeleke ulinasa kwenye mkanda, akauvuta, kiatu kikamchomoka kikaruka dirishani. Walikisikia kikigonga mawe huko chini, kisha wakaacha kukisikia.

Wanawake wa kuni waliokuwa wakishuka na mizigo yao walitua, wakashika gari kwa nyuma, wakalirudisha barabarani huku wakicheka. Zeleke hakucheka hata kidogo.

"Kwa nini ulikanyaga breki pale?"

"Sikukanyaga."

"Gari halina mguu, Dagim! Mwenye mguu ni wewe."

"Kwa jina la Mariam, Gashe, mguu wangu ulikuwa juu. Taa ya breki iliwaka, gari likashikwa. Ni kama kuna mtu mwingine alikanyaga."

"Mtu gani? Tulikuwa wawili, na mimi nilikuwa naomba!"

Mzee akamsogelea, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi.

"Nisikilize. Wazee wako wa posa wanafika kwangu leo saa kumi. Baba kukataa mara ya kwanza ni desturi, nami nilipanga kukukatalia kwa heshima, halafu Jumapili ijayo nikubali. Sasa nakwambia hivi. Wakifika na bado sijajua gari hili limefanya nini, nitawakatalia, na wasirudi tena. Siwezi kumpa binti yangu mtu anayeendesha jeneza."

Msomaji, unaelewa sasa kwa nini Dagim alitetemeka zaidi barabarani kuliko alivyotetemeka korongoni.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka Shiro Meda. Mahider alikuwa chini ya lori, akatoka amejipaka grisi mpaka kwenye nyusi. Alimtazama baba yake, akamtazama Dagim, akarudi kwa baba yake.

"Kiatu kiko wapi?"

"Muulize mumeo."

"Kumbe ni mume wangu tayari?"

"Ulimi umeteleza!" alifoka Zeleke. "Fungua boneti!"

Pembeni, Bekalu alikuwa anafuta mikono kwa tambara, naye alikuwa anatabasamu. Mnamkumbuka Bekalu. Ni fundi wa siku nyingi kuliko wote pale gereji, aliingia akiwa kijana na sasa nywele za kisogoni zimeanza kumkimbia. Mwaka jana alimwomba Zeleke ampe Mahider awe mkewe, akajibiwa kwa kicheko. Tangu siku ile kila Dagim akipita getini, Bekalu hutema mate.

"Teksi ya bwana harusi imekufa?" aliuliza.

"Nyamaza, leta mashine," alisema Mahider.

Mashine ya kupimia ni kile kisanduku chenye kioo ambacho Mahider hukichomeka chini ya usukani, nacho humwambia gari linaumwa wapi. Alikichomeka, akasoma, akakunja uso.

"Inalalamikia sensa ya breki."

"Sema kwa lugha ya watu," alisema Dagim.

"Kuna kidude kama kidole gumba kwenye pampu ya breki. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki yanasukumwa, na kile kidude kinapima yamesukumwa kwa nguvu gani. Kikishapima kinaiambia kompyuta ya gari. Kompyuta haioni mguu wako. Inaamini inachoambiwa."

"Na ikidanganywa?"

"Ikiambiwa dereva amekanyaga kwa nguvu zote, na barabara ni mteremko, inakusaidia kufunga. Hata kama umelala."

Zeleke akamtazama Dagim kwa jicho ambalo halikuwa kali kama la kwanza. Dagim akaliona, akapumua.

"Ingia ndani," Mahider alimwambia. "Usiguse breki. Nataka nione mashine inasema nini."

Alikodolea kioo macho.

"Dagim, toa mguu kwenye breki."

"Nimetoa."

"Toa!"

"Miguu yangu yote miwili iko nje ya mlango, Mahider. Njoo uihesabu."

Alikwenda akachungulia. Kweli, viatu vyake vilikuwa juu ya saruji. Lakini kioo cha mashine kiliapa kwamba kuna mtu amesimama juu ya ile pedeli na anaruka.

"Sensa imekufa," alisema Bekalu. "Badilisha twende tukale."

Nyuma ya gereji kulikuwa na gari bovu la aina ileile, kuku wamelifanya nyumba. Mahider alifungua sensa yake, akaifunga kwenye gari la Dagim, wakatoa hewa kwenye mabomba ya breki, wakawasha. Mguu nje, sifuri. Mguu ndani, namba inapanda. Mguu nje, sifuri.

"Haya!" Zeleke akapiga makofi. "Mama watoto atie maji ya kahawa motoni. Nakwenda kuoga. Siwezi kupokea wazee na soksi."

Dagim akacheka. Bekalu akatema mate. Mahider alikuwa ameshika waya wa ile sensa, anautikisa kidogo, macho kwenye kioo.

Namba ikaruka.

Akaacha. Ikashuka. Akatikisa. Ikaruka tena, juu kuliko mwanzo, na chini ya gari breki zikalia kama zinabanwa na mtu.

"Baba, usioge," alisema.

"Nini tena?"

"Sensa mpya, uongo uleule. Ile ya kwanza haikuwa na kosa. Ilikuwa inasema kweli, ila maneno yanaharibika njiani."

Alichomoa soketi ya waya. Jamani. Ndani zilitakiwa kuwa pini tatu zinazong'aa. Zilikuwa zimeota ukoko wa rangi ya kutu, na kati ya pini na pini kulikuwa na majimaji. Akaweka mita. Umeme ulikuwa unavuka kutoka pini moja kwenda nyingine kwa kupita kwenye yale maji, ukirudi kwenye kompyuta na habari za breki ambayo hakuna aliyeikanyaga.

"Maji," alisema. "Tangu sikukuu ya Meskel mvua haijanyesha hata tone. Haya maji yametoka wapi?"

"Dagim," Zeleke aliuliza, "taa hii ya breki ilianza kuwaka lini?"

Dagim angenyamaza ingekuwa heri yake, lakini ndiye Dagim tunayemjua.

"Tangu nilipoanza kuleta gari hapa kwenu."

Yule wa kuchomelea vyuma jirani aliacha kuchomelea.

"Unasema gereji yangu ndiyo inayoharibu?"

"Sisemi hivyo, Gashe. Umeniuliza lini."

Mahider alikuwa ameshageuka. Alikuwa anamtazama Bekalu.

"Jana," alisema polepole. "Jana asubuhi nilikuona umeinamia boneti ya gari hili. Ulikuwa na kopo."

"Nilikuwa najaza maji ya kioo!"

"Nani alikutuma?"

"Nimekuwa fundi kabla hujaota meno, nisubiri kutumwa kujaza maji ya kioo?"

Dagim alishafika. Alimkamata Bekalu ukosi wa ovaroli, akamsukuma mpaka ndani ya stoo ya vipuri, vikopo vikamwagika. Mahider akawafuata na ile sensa ya zamani mkononi, Zeleke nyuma yake akichechemea.

"Ulitaka kutuua!"

"Niachie!"

"Umenyimwa mwanamke ndiyo umwagie watu maji kwenye breki?"

"Mimi breki sigusi!" Bekalu alipiga ukelele mpaka sauti ikapasuka. "Muulize huyo mzee! Miaka yote hii mimi breki sigusi! Injini nagusa, gia nagusa, breki sigusi!"

"Ni kweli," alisema Zeleke. "Mwachie. Kazi za breki huwa anampa Mahider, na kabla ya Mahider nilikuwa nafanya mimi. Bekalu hagusi breki."

Hebu shikeni hayo maneno. Mimi nayaacha hapa, tutayarudia.

Dagim alilegeza mkono. Bekalu akajinyoosha ukosi, midomo inamcheza, na Mahider akaona haya. Akaitazama ile sensa ya zamani. Nayo ilikuwa na ukoko uleule wa rangi ya kutu, bado mbichi. Akaugusa kwa kidole, akakipeleka kwenye ulimi.

"Mtoto huyu ana wazimu!" alifoka baba yake. "Hayo ni mafuta ya breki, utakufa!"

"Siyo mafuta."

"Ni nini?"

Alionja tena. Uso wake ukabadilika. Msomaji aliyekulia chini ya Entoto hana haja ya kuambiwa, kwa sababu na yeye aliwahi kushikwa pua akanyweshwa. Ile ladha ya chuma na udongo haisahauliki. Mahider alinyweshwa wiki nzima na shangazi yake alipougua surua.

"Baba," alisema, "haya ni maji ya baraka. Maji ya chemchemi ya Entoto."

Kabla yeyote hajajibu, sauti ikasikika kutoka uani. Ilikuwa sauti ya maji. Mtu alikuwa anamimina kitu juu ya chuma, bila haraka, gudu, gudu, gudu.

Walitoka mbio wote wanne.

Mbele ya gari la Dagim, chini ya boneti iliyo wazi, alisimama mama mmoja mfupi aliyejifunika shuka jeupe la kanisani, ameinua dumu la njano kwa mikono miwili, anamwagia injini huku midomo ikisali.

"Mama!" alipiga kelele Dagim.

"Mama, acha!" alipiga kelele Mahider.

Mama Wagaye, mama yake Dagim, hakugeuka. Alimaliza sala, akafanya ishara ya msalaba juu ya betri, ndipo akashusha dumu.

"Nimesikia mwanangu amenusurika kwenye kona," alisema. "Nikajua tu. Leo asubuhi nilimwaga kidogo mno."

Zeleke ndiye aliyeanza. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, akashika tumbo, akaketi juu ya tairi, machozi yakamtoka. Dagim akafuata. Hata Mahider, aliyekuwa anakimbilia tambara la kukaushia, alikuwa anakausha na kucheka.

"Kila siku, mama?" aliuliza.

"Kila alfajiri, kabla hajaamka. Wewe ndiye Mahider?"

"Ndiye mimi."

"Uso umejaa uchafu. Lakini macho ni mazuri."

"Mama, mimi na wewe tuelewane. Kanisani padri ananyunyizia gari wapi?"

"Kwenye bodi. Na kwenye magurudumu."

"Basi na wewe nyunyizia hukohuko. Mwagia paa, mwagia milango, mwoshe na dereva mwenyewe. Humu ndani usimwage. Haya maji yana chuma ndani yake. Yanaingia kwenye soketi, yanaidanganya kompyuta, gari linafunga breki lenyewe. Leo limetaka kuwaua wote wawili."

Furaha ilimpotea mama usoni. Alimtazama mwanawe, akalitazama dumu. Nilimwonea huruma, sifichi. Alikuwa amepanda mlima ule kila Jumamosi kuchota kile kilichotaka kumuua mwanawe.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Hukujua, mama," alisema Dagim, akamshika bega.

Zeleke alimwendea Bekalu mbele ya watu wote, akamwomba radhi. Dagim naye akainama, akamwomba. Bekalu alipokea, lakini jicho lake lilikuwa kwa yule mama. Tangu alipomwona hakuwa amefumba macho.

Mahider alikata soketi iliyooza, akaunga nyingine ya lile gari la kuku, akaipuliza kwa kompresa, akaifunika na mpira wa tyubu. Alitikisa waya, akautikisa tena kwa hasira, akaupiga na kipini cha bisibisi. Sifuri ilibaki sifuri.

"Nipe ufunguo," alisema Zeleke. "Nitaendesha mwenyewe. Dagim, kaa pale nilipokaa."

Walipanda, wakashuka. Kwenye kona ya mikaratusi Zeleke alikanyaga breki, gari likasimama. Akaachia, likaenda. Alipoona hiyo haitoshi akairudia kona, safari hii kwa kasi iliyomfanya Dagim aite watakatifu kwa majina yao. Gari lilitii. Walirudi gereji na vitu viwili ambavyo hawakuondoka navyo. Mzee alikuwa anaimba, na miguuni alikuwa na viatu viwili, kwa kuwa mwanamke mmoja wa kuni alikuwa ameshuka korongoni kumwokotea.

Saa kumi haikuwasubiri. Wazee wa posa walikuwa wameshafika, watatu, mashuka meupe mabegani, wamesimama kwenye kibaraza cha nyumba iliyoungana na gereji. Walikuwa wamesimama kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Mzee wa posa haketi mpaka baba wa binti amwambie aketi, na akimwambia hivyo, ujue ameshakubali kusikiliza.

Moshi wa kahawa ulikuwa umetanda. Mama Wagaye hakutakiwa kuwa pale, mama wa kijana haendi na wazee wake. Alikuwa amejibanza kando ya gari, dumu mkononi, anasubiri aondoke. Zeleke, kwa ile furaha yake, alimwita.

"Njoo unywe kahawa, mama! Leo desturi imeshavunjika tangu asubuhi."

Akasogea hatua chache, akaishia chini ya ngazi.

"Jambo moja tu linanisumbua," alisema Zeleke, bado anacheka, akiwatazama wazee ili nao wacheke. "Watu wote mji huu wanabariki gari kwa nje. Wewe kwa nini uliamua kumwaga ndani?"

"Kwa sababu breki ziko ndani."

"Haa! Na nani alikufundisha kwamba breki ziko ndani?"

"Wewe."

Zeleke aliendelea kucheka kidogo, kama gari lililozimwa ambalo bado linajongea.

"Mimi?"

"Wewe, Ato Zeleke. Hapa hapa, uani. Hukunijua leo, na sikulaumu, nilikuwa kijana na nilikuwa na mume. Mume wangu alikuwa na basi dogo, la rangi ya bluu na nyeupe. Alilileta kwako breki zikiwa zimelegea. Tulipokuja kulichukua nilikuwa na woga, ukaninyanyulia boneti, ukanionyesha kwa kidole. Ukasema, breki zinaanzia hapa, mama, zimetengenezwa, mumeo aende kwa amani."

Dagim alikuwa amesimama, mdomo wazi. Alikuwa anajua baba yake alikufa barabarani. Hakuna aliyewahi kumwambia gari lilikuwa limetoka wapi.

"Alifika kwenye kona ya mikaratusi," alisema mama. "Hakufika nyumbani."

"Mama," alisema Dagim, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ulikuja umejaa binti mpaka machoni. Ukasema gari sasa linatengenezwa kwa akina Mahider, Shiro Meda. Nikaogopa kukuvunja moyo, na nikaogopa gereji. Nikaona njia iliyobaki ni kumwagia breki, kila alfajiri, tangu siku ulipoanza kulileta hapa."

Basi ndiyo hiyo. Dagim alisema kweli asiyoijua. Taa iliwaka tangu gari lilipoanza kuja kwa Zeleke, kwa sababu mama aliiogopa gereji ya Zeleke.

Mzee wa mbele, aliyekuwa hajaelewa nusu ya mambo, alikohoa. Miguu ilikuwa inamuuma.

"Ato Zeleke," alisema kwa adabu, "tumesimama. Tuketi, au tuondoke?"

Mahider alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Alitaka baba yake aseme neno moja tu, na neno hilo lilikuwa fupi: ketini.

"Wasiketi kwanza," alisema Mama Wagaye. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi ndiye niliyewatuma, wataniwia radhi. Zeleke, nina swali moja, nimelibeba muda mrefu, halafu mtoto wako na wangu waoane na Mungu awape watoto. Siku ile, zile breki ulizitengeneza kwa mikono yako, au uliniambia tu?"

Zeleke alifungua mdomo.

Kisha akageuza kichwa, taratibu, akapita uso wa binti yake, akapita wazee, akapita gari lenye boneti wazi, mpaka mlango wa stoo.

Pale mlangoni Bekalu, fundi ambaye hajagusa breki tangu enzi za basi la bluu, alikuwa amepiga magoti na analia.